Kigingi cha Mjomba

Kigingi cha nne kiliingia ardhini kwa mapigo mawili tu.

Mashavu alihesabu bila kukusudia. Alikuwa amesimama kando na birika la chai, akingoja wanaume wamalize ndipo awamiminie, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, masikio ndiyo yaliyokuwa na kazi. Kigingi cha kwanza kilikula mapigo tisa. Cha pili kumi, kwa sababu Mjomba Sadala alikosea moja akajigonga kidole gumba, akakinyonya kimyakimya kama mtoto. Cha tatu nane. Lakini cha nne, kile cha kona ya chini inayoelekea barabarani, kilipigwa mara mbili, na hiyo ya pili ilikuwa ya kukigusa tu.

“Udongo mtamu huu,” alisema fundi Lukasi huku akifunga kamba kwenye kigingi hicho. “Hapa tutachimba kama tunachota uji.”

“Si nilikwambia?” Mjomba Sadala alimrudishia nyundo. “Ardhi inamjua mwenyewe.”

Mashavu alijua kwa nini udongo ule ulikuwa mtamu. Akafungua mdomo. Mjomba akamgeukia. “Mpwa wangu, hiyo chai unaipoza ili iweje?” Wanaume wakacheka. Mashavu akafunga mdomo, akamimina chai.

Nyumba iliyokuwa ikipigiwa kamba ilikuwa yake, yeye na mama yake Hamisa. Ile ya zamani, ya fito na udongo, aliyoiacha marehemu baba, ililala chini masika iliyopita. Ukuta wa nyuma ulitangulia, wa ubavuni ukaufuata, na asubuhi bati lilikuwa limekaa juu ya kifusi kama kofia iliyodondoka. Tangu siku hiyo mama na binti walilala kwenye jiko la jirani yao Bernadina, wakikunja mkeka kila alfajiri kabla mwenye jiko hajataka kuwasha moto. Mashavu alikuwa amelima ufuta misimu miwili bila kununua hata kanga. Ufuta ukageuka mawe, lori mbili, yaliyomwagwa kiwanjani. Ukageuka mchanga na kokoto. Ukageuka mifuko kumi na minne ya saruji, iliyopangwa kwenye kona ya jiko hilohilo, wao wakilala ubavuni mwake. Baada ya hapo ukaisha. Msingi ukikosewa, mawe ya msingi wa pili hayakuwepo, na vuli ilikuwa inabisha hodi.

Mawe yalikuwa tayari tangu mwezi wa saba. Aliyekuwa akingojwa ni mjomba. Katika ukoo wao wa Kizigua, pale Misima, kiwanja ni cha upande wa mama, na nyumba haianzi mpaka kaka wa mama apige vigingi vyake vinne. Alikopiga, amepiga. Mkono wa mpwa hauking’oi kigingi cha mjomba. Anayefanya hivyo amemwambia mbele za watu kwamba hana mjomba. Hivyo walimngoja. Mara ya kwanza Mjomba Sadala alipiga simu kutoka kwake Masuguru, kule Korogwe mjini, akasema ana mgonjwa. Mara ya pili alisema ana kikao. Mara ya tatu hakusema kitu, na simu yake haikupatikana kwa siku nne. Mfuko wa chini wa saruji ulianza kuwa mgumu pembeni. Mashavu alikuwa akiubonyeza kwa kidole kila jioni, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Na alipokuja, alikuja na fundi wake mwenyewe, Lukasi, jirani yake wa huko Masuguru, na akakuta Mashavu amekwisha kufagia mahali. Palikuwa pale juu, ilipokuwa nyumba ya zamani, ardhi iliyokanyagwa miaka thelathini hadi ikawa ngumu kama sakafu. Mashavu alikuwa ameweka mawe manne kuonyesha kona. Mjomba alilisukuma moja kwa ncha ya kiatu.

“Huku juu mmejificha kama panya,” alisema. “Nyumba inatakiwa ionekane. Yangu kule Masuguru, mtu akishuka tu kwenye gari anaiona.”

Akahesabu hatua kumi na tano kuteremka, akapiga vigingi vyake huko.

Sasa, kuhusu kona ile ya chini, Mashavu alijua jambo ambalo pale kiwanjani hakuna mwingine aliyelijua lote. Miaka kumi na mmoja iliyopita palikuwa na kichuguu, kikubwa kuliko banda la kuku. Mjomba alikuwa anajenga Masuguru, akaagiza matofali kwa shemeji yake Awadhi, baba yake Mashavu, kwa sababu udongo wa kichuguu hauna mfano. Hamisa hakuwepo, mwaka ule wote na zaidi alikuwa Makuyuni akimuuguza mama yake. Baba akabaki na binti. Mjomba alikuja siku moja, akamkuta Mashavu na sare ya shule, akasema, “Huyu akae kidogo amchotee baba yake maji. Msimu mmoja tu. Matofali yakiisha nitamrudisha shule mwenyewe, na sare mpya nitanunua.” Mashavu alikuwa darasa la tano. Walikibomoa kichuguu, wakakifuata chini ya ardhi, maana udongo mzuri ulikuwa unashuka, hadi likawa shimo. Wakafyatua, wakachoma, lori likaja likabeba. Baba akalifukia shimo taratibu mwaka mzima kwa magunzi, majivu, mabua, takataka za uani na vipande vya matofali yaliyoungua vibaya. Juu akatandika udongo mwekundu, akapanda mbaazi. Hamisa aliporudi alikuta mbaazi.

Mjomba hakurudi na sare. Mashavu hakuwahi kumkumbusha.

Jioni ile ya vigingi alimfuata fundi Lukasi, aliyekuwa akinawa miguu. Alikuwa mtu mcheshi, mjukuu wa manamba walioletwa zamani kukata mkonge, na maneno yake yalitoka haraka kuliko maji ya kwenye kopo.

“Fundi,” Mashavu alisema. “Ile kona ya chini. Pale palikuwa…”

“Pazuri sana pale, dada. Nakwambia siku moja tu tumemaliza.”

“Palikuwa na…”

“Au hupendi nyumba itazame barabara? Dada zangu nyie. Mkijengewa nyuma mnalia, mkijengewa mbele mnalia.”

“Si hivyo. Hapafai.”

Lukasi aliacha kunawa, akamtazama, kisha akatazama upande alikokaa mjomba. “Sikiliza, dada. Mimi nimeikuta kamba imefungwa. Kamba ya mjomba wa Kizigua, mimi mjukuu wa manamba niikate? Nitarudi Masuguru nimebebwa.” Akacheka mwenyewe. “Kaongee na mama.”

Akaenda kuongea na mama. Hamisa alikuwa akichambua kunde.

“Mama, kona ya chini iko juu ya shimo.”

“Shimo gani?”

“La matofali. La baba.”

“Shimo la baba yako lilikuwa kwenye mpapai.”

“Mpapai ulikuwa hapohapo, mama. Ulikauka.”

“Wewe ulikuwa mtoto.” Hamisa alitupa kunde mbovu pembeni. “Kaka yangu amengojwa miezi mitatu. Leo kaja, kapiga vigingi, kajigonga na kidole. Unataka nikamwambie nini? Kwamba mwanangu kaota shimo?”

Sikuota, Mashavu alitaka kusema. Wewe ndiye hukuwepo. Lakini alikuwa amezoea maneno yake yafike kooni na kugeuka. Akachukua ungo, akaendelea kuchambua kunde pale mama alipoachia, na kila kunde aliyoishika ilikuwa nzima, akawa hana hata kitu cha kutupa.

Jumamosi ukafanyika msaragambo wa kuchimba msingi. Watu walikuja na majembe, sululu na koleo zao, kama ilivyo kawaida, na kazi ya mwenye nyumba ni kuwalisha. Ndiyo kusema Mashavu alifungiwa jikoni siku ambayo alihitaji kuwa kiwanjani. Chungu cha makande hakikumwachia nafasi. Kila alipoinuka, Bernadina alimwita.

“Kuni, Mashavu.”

Akatia kuni.

“Chumvi umeionja?”

Akaionja.

“Mbona unachungulia kama kuna mchumba huko?”

“Naangalia msingi.”

“Msingi hauna miguu, utaukuta. Koroga.”

Kutoka kiwanjani zilikuja kelele za wachimbaji. Kona tatu zilikuwa zinalia kwa sululu. Kwenye kona ya chini alikuwa Sufiani, mtoto wa mama yake mdogo, na huko hakukuwa na mlio wowote ila sauti yake.

“Nyie wa juu mnachimba au mnakwangua masizi ya sufuria?”

“Wewe umepewa mchanga, mdogo wangu. Njoo huku uone mwamba.”

“Mwamba ni mikono yenu.”

Mashavu alipata upenyo wa kupeleka maji ya kunywa. Akapita kona zote haraka, ya chini akaiweka ya mwisho. Mtaro ulikuwa umefika futi mbili na nusu, umenyooka vizuri. Sufiani alikuwa amesimama ndani, hana hata jasho. Chini ya nyayo zake udongo mwekundu ulikuwa umeanza kubadilika. Kulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba, na humo gunzi moja jeusi, lililooza likabaki kama sifongo. Sufiani alilirusha nje kwa kidole cha mguu.

“Fundi,” Mashavu aliita. Lukasi akaja. Mashavu akamwonyesha gunzi, akamwonyesha mstari wa majivu. Alidhani vitu hivyo viwili vinatosha kusema.

Lukasi aliinama. Akachukua majivu kidogo, akayasugua kwa vidole. Akamtazama Mashavu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Kisha akamtazama Mzee Sadala, aliyekuwa ameketi kwenye kiti alichotolewa jikoni kwa Bernadina, fimbo imelazwa magotini, akiwaeleza vijana jinsi nyumba yake ilivyopigwa lipu.

“Tutaweka mawe makubwa hapa,” Lukasi alisema kwa sauti ya chini. “Yatakaa.”

“Hayatakaa.”

“Dada, usinitie kwenye ugomvi. Mimi kesho naamka naye mlango kwa mlango.”

Akamwambia Sufiani apandishe udongo mwekundu kidogo juu ya majivu. Sufiani akapandisha. Mtaro ukawa mwekundu tena, mzuri wa kutazama.

Mashavu alirudi jikoni. Alipokoroga makande mwiko uligonga ukingo wa chungu mara mbili tatu. Alijiuliza watu wengine hufanyaje. Maneno yalikuwa yaleyale. Bernadina akisema neno, mtu anageuka. Mjomba akikohoa, mtu anageuka. Yeye alikuwa amesema kwa mdomo, amesema kwa mama, amesema kwa gunzi. Nje akasikia koleo zikikwaruza. Walikuwa wanachanganya zege. Akasikia Lukasi akiita maji, akasikia maji yakimwagwa, na hapo akajua kwamba mifuko miwili imekwisha kulowa na hakuna wa kuirudisha kuwa unga.

“Mashavu, makande yanashika,” Bernadina alisema.

“Yashike.”

Bernadina akageuka kumtazama.

Mashavu alitoka. Alipita kwenye rundo la mchanga, akapita mbele ya kiti cha mjomba bila kupiga goti, akauokota mtaimbo uliolazwa kando ya mawe. Ulikuwa mzito. Akashuka nao mtaroni, kwenye kona ya chini, na Sufiani aliyekuwa ameshika karai akampisha kwa mshangao. Akauinua kwa mikono miwili, akauachia.

Mtaimbo ulizama hadi nusu. Haukutoa mlio. Akauzungusha, akausukuma kwa uzito wake wote, ukazama tena, hadi mikono yake ikagusa udongo. Alipouchomoa, kikabaki kitundu cheusi, na humo ikapanda harufu ya kitu kilichofungiwa siku nyingi, majivu na uozo. Watu waliokuwa wanachanganya zege wakaacha.

“Nani amekutuma?” Mjomba Sadala alikuwa amesimama.

Mashavu akamnyooshea fundi mtaimbo. Lukasi akashuka mtaroni, akapiga magoti, akachomeka mtaimbo mwenyewe hatua moja pembeni. Ukazama. Akachomeka hatua nyingine. Ukazama vilevile.

“Mzee,” alisema, “hapa chini hamna kitu.”

“Tia mawe, shindilia. Kazi ya fundi ni nini?”

“Mawe ya nyumba nzima yataingia hapa, na bado.”

“Lukasi.” Mjomba alinyoosha fimbo, akamwelekezea Mashavu. “Umejenga miaka ishirini. Leo utafundishwa msingi na mtoto aliyeishia darasa la tano?”

Mmoja wa wachimbaji alicheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mzee. Wengine hawakucheka. Hamisa alikuwa amekuja na kusimama kando ya mchanga, mkono mdomoni, na macho yake yalimwomba binti yake anyamaze.

“Sikuishia, niliachishwa,” Mashavu alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, na aliitoa akiwa bado ndani ya mtaro, watu wote wako juu yake. Ikabidi waisogelee.

“Kichuguu kilikuwa hapa, mjomba. Matofali ya nyumba yako yametoka hapa, yote. Nilichimba mimi na baba.”

“Shimo lake lina kina gani?” Lukasi aliuliza haraka.

“Baba akisimama ndani, nje kilionekana kibaraghashia tu. Upana wake kuanzia hapa hadi alipo Sufiani. Akalifukia kwa takataka.”

Lukasi alijipangusa mikono kwenye suruali. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Mzee, nisamehe. Zege hili simwagi hapa. Nikilimwaga, masika ukuta ukipasuka ni mimi nitakayetafutwa, si wewe.”

“Basi,” Mjomba alisema. Akaketi. “Mimi nimepiga vigingi vyangu. Nyumba moja sipigi mara mbili. Kama mnajenga pengine, jengeni. Mimi simo.”

Hapo pakawa pagumu kuliko shimo. Zege lilikuwa chini, linangoja, na jua la saa saba lilikuwa linalinyonya maji. Hakuna aliyethubutu kulegeza kamba. Hakuna aliyethubutu kuondoka. Sufiani alimtazama Hamisa, Hamisa akatazama mchanga. Mwisho Bernadina, aliyekuja na mwiko wake mkononi, alilisogelea zege.

“Kama hilo zege halina pa kwenda, sakafu ya jiko langu ipo. Lisije likafa bure hapo kwa ajili ya heshima.”

Watu wakacheka, safari hii kwa kweli, na wawili wakajaza makarai wakaelekea jikoni. Mifuko miwili ikaenda hivyo. Mashavu aliitazama ikienda, akakisia jasho lake la ufuta, na akaona kwamba kama angesema siku ile ya vigingi kwa nguvu hii ya leo, ingekuwepo. Hasira aliyokuwa nayo ikagawanyika sehemu mbili, na moja ilimgeukia yeye mwenyewe.

Akapanda kutoka mtaroni. Akakishika kigingi cha kona ya chini. Nyuma yake mama yake alisema kitu kwa Kizigua, haraka, jina lake likiwa ndani. Akakivuta. Kilitoka bila ubishi. Akakifuta udongo kwa ncha ya kanga, akapanda nacho hadi kwenye kiti cha mjomba, na hapo ndipo alipopiga goti, kama alivyofundishwa. Akakinyoosha kwa mikono miwili.

“Nakuomba ukapige kule juu, mjomba. Mimi siwezi kupiga. Wewe ndiye mwenye kupiga.”

Mzee Sadala hakukipokea. Alikitazama kigingi, akatazama kidole gumba chake, ambacho ukucha wake ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Aliposema, alisema taratibu, kwa ajili ya Mashavu peke yake, ijapokuwa wote walikuwa wanasikia.

“Kumbe mtoto wa dada yangu ana kinyongo na mimi. Miaka yote hii, unaniamkia, unanipikia, hujasema kitu. Una shida gani na mimi, Mashavu? Sema leo, watu wapo.”

Mikono ilikuwa imeanza kumuuma kwa kukinyoosha kigingi. Hakuishusha. Alifikiri juu ya matofali, juu ya sare, juu ya msimu mmoja tu, na yote hayo mjomba alikuwa anayajua, hayakuwa na haja ya kuambiwa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, si baba, si mama, na hata yeye hakuwahi kuliweka kwenye sauti, kwa sababu halikuwa na mtu wa kulipokea.

“Nilikuwa naipenda shule,” alisema.